Bomba lenye Mshono na Lisilo na Mshono

Mkikuta mabomba ya chuma yamelazwa kando ya njia kungojea mafundi, pitisheni kidole ndani ya kinywa cha mojawapo. Huenda mkagusa mstari mwembamba unaoingia mbali gizani: huo ndio mshono. Wengi husema kwamba bomba la namna hii ni la kimaskini, na lile lisilo na mshono ni la kitajiri. Na tulipime neno hilo.

Mshono ni wa zamani. Mwaka 1825, huko Wednesbury katika Uingereza, Cornelius Whitehouse aliandikisha ufundi wake wa kupasha moto ukanda wa chuma, kisha kuuvuta katika tundu jembamba hata kingo zake mbili zikakutana na kushikamana. Mabomba hayo yalipeleka gesi ya taa. Siku hizi rola huukunja ukanda, umeme huyeyusha kingo, nazo hubanwa kwa nguvu zikawa kitu kimoja.

Bomba lisilo na mshono lina habari ya ajabu zaidi. Ndugu wawili wa Remscheid katika Ujerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walivumbua ufundi wake mwaka 1885. Huchukuliwa gogo zima la chuma, jekundu kwa moto, likawekwa kati ya rola mbili zilizoinama kidogo. Rola hulizungusha na kulibana, hata moyo wake huanza kulegea na kupasuka. Ndipo mchi wa chuma huingia moyoni humo na kuupanua. Tuliposoma habari hii mara ya kwanza tuliona shida kuisadiki.

Lipi lina nguvu? Wahandisi wa Marekani, katika kanuni zao za mabomba ya viwandani, huhesabu nguvu za bomba lisilo na mshono kuwa 100, na za lile la A53 lililoungwa kwa umeme kuwa 85 tu. Kwa hiyo penye mvuke mkali hatuwezi kumsifu mtu abaniaye fedha: bomba likipasuka hapo, laweza kumwua aliye karibu. Lakini mchi nao hupotoka kidogo, na ukuta wa bomba ukawa mnene upande mmoja, mwembamba upande wa pili. Ukanda bapa hutoa ukuta ulio sawa zaidi, tena kwa bei nafuu. Na mabomba mapana ya kushushia maji kwenye mitambo ya umeme, ambayo mtu aweza kutembea ndani yake, mara nyingi ni mabati mazito yaliyokunjwa na kuungwa.

Basi, kwa maji ya shule au ya kijiji, bomba lenye mshono lililopakwa zinki latosha kabisa. Mara nyingi maji huvujia kwenye viungio na penye kutu. Afadhali fedha iliyobaki ilipwe huko. Lakini msitegemee kidole peke yake, maana viwanda vingine hukwangua mshono hata usiguswe tena. Ombeni hati ya kiwanda: katika kanuni ya A53, herufi S ni bomba lisilo na mshono, E ni lililoungwa kwa umeme, na F ni lililoungwa kwa moto wa tanuri.