Petroli Inayopotea Barabarani

Kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, habari hiyo huwa ndiyo mazungumzo ya kwanza vituoni, viwandani na sokoni. Wala si ajabu. Petroli na dizeli zikipanda bei, nauli hupanda. Na nauli ikipanda, unga, mchele na sabuni hufuata nyuma. Mfanyakazi asiye na gari huilipia petroli hiyo kila siku, ingawa hajapata kuinunua hata lita moja. Bei ya mafuta ulimwenguni hatuna nguvu nayo. Lakini kiasi tunachokichoma katika barabara zetu wenyewe ni jambo lililo chini ya unyayo wa dereva, na leo twapenda kulizungumza jambo hilo.

Watu wengi hudhani kwamba gari likienda kilomita 100 litatumia mafuta yale yale, liwe limekwenda pole au limekwenda mbio, maana masafa ni yale yale. Wako hata wanaodai kwamba kwenda mbio ni akiba, kwa kuwa injini hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Dhana zote mbili si sahihi. Gari linapokuwa katika barabara kuu, kazi yake kubwa ni kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Hewa hulizuia gari kama maji yanavyomzuia mtu avukaye mto: akivuka taratibu humpisha, lakini akijaribu kukimbia humshika miguu.

Tena kizuizi hicho hakiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya hewa huwa mara nne. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa akafika 100 ameongeza mwendo wake kwa robo tu, lakini hewa inamzuia kwa nguvu iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Akifika 120, nguvu hiyo imekuwa mara mbili na robo ya ile ya awali. Na nguvu ya kuishinda hewa hiyo haitoki penginepo ila katika tangi la mafuta.

Haya si mambo ya kukisia. Mwaka 2013, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, nchini Marekani, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa magari mepesi 74. Mwendo ulipopandishwa kutoka kilomita 80 hadi 97 kwa saa, masafa yaliyopatikana kwa kiasi kile kile cha mafuta yalipungua kwa wastani wa asilimia 12. Kutoka 97 hadi 113 yakapungua tena kwa asilimia 14, na kutoka 113 hadi 129 kwa asilimia 15. Hebu tulipige hesabu jambo hili kwa njia yetu wenyewe. Tuchukue gari dogo lipatalo kilomita 16 kwa lita moja likiwa katika mwendo wa 80. Kwa kipimo hicho, likienda 97 litapata kilomita 14, na likienda 113 litapata 12 tu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Gari letu likishika mwendo wa 80 litatumia karibu lita 12 kufika. Likishika 113 litatumia karibu lita 16. Kwenda na kurudi, hasara ni lita 8. Maana yake ni kwamba safari tatu za mbio humeza mafuta yanayotosha safari nne za mwendo wa wastani. Yule aendaye mbio huilipia safari ya nne bila kusafiri.

Naye amepata nini? Lau barabara ingekuwa tupu, angewahi kwa dakika 40 hivi. Lakini barabara hiyo si tupu. Iko Kibaha, iko Mlandizi, iko Chalinze, na kila penye makazi kibao kinamwagiza ateremke hadi 50. Iko foleni ya malori kwenye mzani wa Vigwaza, na yako matuta. Kila akanyagapo breki, ile nguvu aliyoinunua kwa petroli hugeuka kuwa joto na kupotelea hewani. Kisha hukanyaga mafuta tena ili ainunue upya. Mara nyingi gari alilolipita kwa fujo hulikuta nyuma yake penye foleni inayofuata. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hatusemi kwamba watu waende kama konokono. Gari likienda pole mno katika gia ndogo hutumia mafuta mengi kwa kila kilomita, maana injini huyala mafuta hata gari lisipopiga hatua. Magari hayafanani, lakini mengi hupata nafuu kubwa katika gia ya juu, kwa mwendo usiobadilikabadilika, usiozidi sana kilomita 80. Kwa mabasi na malori, sheria yetu imekwisha kuweka kikomo hicho hicho cha 80, na vyombo hivyo, kwa upana wa nyuso zao, ndivyo vinavyozuiwa na hewa zaidi.

Somo hili mataifa makubwa walijifunza kwa shida. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, bei iliruka, na Marekani ikakumbwa na foleni ndefu vituoni. Tarehe 2 Januari 1974 Rais Nixon alitia sahihi sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88, katika barabara zote kuu. Madereva wengi hawakuitii, na akiba ya mafuta ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo, watu waliokufa barabarani walishuka kutoka 54,000 hivi mwaka 1973 hadi 45,000 hivi mwaka 1974. Ni kweli kwamba watu walisafiri kidogo zaidi mwaka ule, lakini mwendo uliopungua nao ulichangia. Sheria ile ilifutwa mwaka 1995. Twajifunza kwamba kibao peke yake hakiokoi mafuta, kama mtu aliyeshika usukani haoni sababu ya kukitii.

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi. Yako mazoea ya kumlaumu dereva peke yake. Lakini dereva wa lori au basi mara nyingi hakimbii kwa kupenda. Amepangiwa saa ya kufika isiyowezekana, au analipwa kwa idadi ya safari. Kisha anaporudi, mafuta yanapimwa, na yakizidi anakatwa mshahara. Hiyo si haki. Huwezi kumwagiza mtu akimbie, kisha ukamtoza kwa sababu amekimbia. Mwenye gari anayetaka kuokoa mafuta na aanze kwenye ratiba yake: aongeze saa moja katika safari ndefu, na ajaze tairi upepo unaotakiwa. Ataiona akiba hiyo katika hesabu zake.

Kwa upande wao, twawaomba ndugu zetu madereva waukumbuke mguu wao wa kulia. Mwendo ulio sawa, kuachia mafuta mapema kabla ya kufika kijijini badala ya kufunga breki ghafula, na kushusha mizigo isiyo na kazi kwenye keria: hayo hayagharimu hata senti. Na abiria wasimpigie makofi dereva anayepita mabasi mengine, wala wasimzomee anayeshika 80.

Nchi yetu haichimbi mafuta ghafi. Kila lita ya petroli na dizeli imekuja kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni, zilizotokana na jasho la mkulima wa korosho, wa kahawa na wa pamba, na la mchimba dhahabu. Lita inayochomwa bure kwa kugombana na hewa ni jasho la mtu lililomwagika barabarani. Kuiokoa hakuhitaji mashine mpya wala wataalamu kutoka ng'ambo. Kunahitaji mguu mwepesi, na ratiba yenye haki.