Utangazaji wa msituni

Utangazaji wa msituni ni njia ya kutangaza biashara kwa kutumia jambo la kushangaza, kuchekesha au kushtua ili kuvuta macho ya watu wengi kwa gharama ndogo. Jina hili limetokana na vita vya msituni, ambamo kikosi kidogo hupambana na jeshi kubwa kwa kuvizia na kushtukiza. Vivyo hivyo, mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo hawezi kulipia matangazo ya televisheni kila siku kama zifanyavyo kampuni kubwa, hivyo hutumia ubunifu badala ya fedha.

== Asili ==
Dhana hii ilienezwa na Mmarekani Jay Conrad Levinson (1933–2013) kwa kitabu chake Guerrilla Marketing kilichotolewa mwaka 1984. Aliwaandikia hasa wenye biashara ndogo. Wakati huo mbinu hizo zilitumika mitaani, kwa mfano kwa vipeperushi, mabango na maonyesho ya ghafla. Baada ya YouTube kuanzishwa mwaka 2005, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihamia kwenye mitandao ya kijamii.

== Namna inavyofanya kazi ==
Tangazo la kawaida huonekana kwa kadiri ya fedha zilizolipwa. Tangazo la msituni hutegemea watazamaji wenyewe walisambaze kwa ndugu na marafiki. Mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok huchagua machapisho ya kuonyesha kwa kutumia programu zinazopima, pamoja na mambo mengine, jinsi watu wanavyoyatazama, kuyatolea maoni na kuyatuma kwa wengine. Kwa sababu hiyo, chapisho linalogusa hisia laweza kuwafikia watu wengi hata kama aliyelitoa ana wafuasi wachache.

Hata hivyo, kutazamwa si kununuliwa. Mtu huona kwanza, kisha huamini, ndipo hununua. Kichekesho kisichohusiana na bidhaa hukumbukwa chenyewe, na kinachouzwa husahauliwa.

== Mifano iliyofaulu ==
Kampuni ya Blendtec ya Orem, katika jimbo la Utah nchini Marekani, hutengeneza blenda. Mwanzilishi wake, Tom Dickson, alikuwa na desturi ya kujaribu uimara wa mashine zake kwa kusagia vipande vya mbao. Mwaka 2006 kampuni ilianza kurekodi majaribio ya namna hiyo na kuyaweka kwenye intaneti. Dickson, akiwa amevaa koti jeupe la maabara, alisaga gololi, mipira ya gofu na baadaye hata simu ya iPhone. Video za kwanza ziligharimu takriban dola 50 tu, nazo zilitazamwa mara mamilioni. Kilichowashangaza watazamaji kilikuwa pia ushahidi wa ubora: mashine inayosaga gololi haishindwi na maembe.

Mfano mwingine ni Dollar Shave Club, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 2011 ili kuwapelekea wateja nyembe kila mwezi kwa bei nafuu. Mwezi Machi 2012 ilitoa video ya kuchekesha iliyogharimu takriban dola 4,500, ambamo mwanzilishi mwenza Michael Dubin aliigiza mwenyewe. Tovuti yake ilizidiwa na wageni, na katika siku mbili za kwanza watu wapatao 12,000 waliagiza nyembe. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilinunuliwa na Unilever kwa bei iliyoripotiwa kuwa takriban dola bilioni 1. Ndani ya vichekesho vyake, video hiyo ilitaja wazi kinachouzwa, bei yake na namna ya kukipata.

== Hatari ==
Mbinu hii yaweza kumrudia aliyeitumia. Tarehe 31 Januari 2007 wakazi wa Boston, Marekani, waliona vibao vya umeme vyenye taa vilivyobandikwa sehemu mbalimbali za mji ili kutangaza kipindi cha katuni. Vilidhaniwa kuwa mabomu, na polisi wakafunga barabara na madaraja. Kampuni ya Turner Broadcasting, iliyomiliki kituo cha televisheni kilichohusika, pamoja na wakala wake wa matangazo zilikubali kulipa dola milioni 2.

Hatari kubwa zaidi ni kuahidi kisichokuwepo. Tamasha la Fyre la mwaka 2017, lililopangwa kufanyika visiwani Bahamas, lilitangazwa kwenye Instagram na wanamitindo mashuhuri kuwa la kifahari. Wageni walipofika walikuta mahema ya kukabili maafa na maandalizi duni, na tamasha likafutwa. Mwandaaji wake, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka 6 mwaka 2018 kwa udanganyifu.

== Afrika Mashariki ==
Katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi, wafanyabiashara wadogo wengi huonyesha nguo, vipodozi na vyakula kwenye Instagram na WhatsApp. Huduma za fedha kwa simu, kama M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007, humwezesha mnunuzi kulipa bila kufika dukani. Jambo hilo hurahisisha biashara, lakini pia humweka mnunuzi hatarini, kwa kuwa mara nyingi hulipa kabla ya kushika bidhaa. Mwenye duka akituma kitu tofauti na picha, malalamiko husambaa kwa njia ileile iliyosambaza tangazo.

Sheria nazo zinahusika. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha wanunuzi. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.

Methali ya Kiswahili husema: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Katika soko lenye wauzaji wengi, chema nacho huhitaji kutembezwa ili kijulikane. Lakini tangazo humleta mteja mara ya kwanza tu. Kinachomrudisha mara ya pili ni ubora wa kitu alichonunua.