Misemo ya Kingereza Iliyotoka katika Maandiko Matakatifu

Mapadri na masista wengi wa kwetu wanatumwa leo katika inchi zinazosema Kingereza: wengine Uganda na Zambia, wengine Uingereza na Marekani. Katika masomo yao walizoea Kifransa. Kingereza wanakijifunza wakiwa watu wazima, kwa kitabu cha sarufi. Kisha wanaketi mezani pamoja na wenyeji, wanayajua maneno yote moja moja, lakini maana inawapita. Sababu yake ni misemo. Musemo ni maneno mengi yenye maana moja, na maana ile huioni katika neno hata moja la musemo ule. Hata kwetu ni hivi: tukisema wakristu wanapiga magoti, hakuna anayepigwa.

Lakini museminari ana ufunguo mukononi. Misemo mingi ya Kingereza ilizaliwa katika Maandiko Matakatifu. Anayejua habari yenyewe amekwisha kupata nusu ya maana. Nusu ya pili inataka uangalifu, maana musemo ukitoka kanisani na kuingia sokoni unaweza kugeuka.

I. Namna misemo iliingia katika luga

Katika mwaka 1526, William Tyndale, padri Mungereza, alichapisha Agano Jipya kwa Kingereza katika muji wa Worms, inchi ya Ujerumani. Katika 1530 akatoa vitabu vitano vya Musa. Alihukumiwa kuwa muasi wa imani, akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto katika Vilvoorde, karibu na Bruxelles, mwaka 1536. Wakatoliki Wangereza waliokimbia inchi yao walitoa Biblia yao wakifuata Vulgata: Agano Jipya katika Reims mwaka 1582, na Agano la Kale katika Douai, 1609 na 1610. Katika 1611 ikatoka Biblia ya mufalme James, iliyoshika maneno mengi ya Tyndale. Biblia ile ilisomwa kanisani na nyumbani zaidi ya miaka 300, hata maneno yake yakawa maneno ya kila mutu, na ya asiyesali pia.

II. Misemo ambayo maana yake iko karibu na Maandiko

«By the skin of my teeth», ndiyo kusema: kwa ngozi ya meno yangu. Yobu alisema hivi katika taabu yake (Yobu 19, 20). Meno hayana ngozi. Basi maana ni kuponyoka kwa shida sana, karibu kushindwa. Mwanafunzi aliyepata 50 juu ya 100 anaweza kusema: «I passed by the skin of my teeth.»

«The writing on the wall», maandiko katika ukuta. Tunakumbuka karamu ya mufalme Belshasari na mukono ulioandika ukutani (Danieli 5). Leo ni alama ya mabaya yanayokaribia. Mwenye duka anayeona wanunuzi wanapungua kila mwezi atasema: «I can see the writing on the wall.»

«I wash my hands of it», ninanawa mikono juu ya jambo hili, sawasawa na Pilato. Mufransa naye anasema hivi. Angalia neno dogo «of»: bila neno lile unataka maji na sabuni tu.

III. Misemo ambayo maana yake imegeuka

Hapa ndipo muhubiri anapaswa kuwa macho.

«At the eleventh hour», katika saa ya kumi na moja. Mungereza anataka kusema: wakati wa mwisho kabisa, mbele kidogo ya kuchelewa. Hesabu yake ya saa ni ingine, na wengi hawajui tena kwamba saa ile ni saa tano ya magaribi katika hesabu ya Wazungu. Mukatekista anayehesabu saa tangu jua kupanda, kwa desturi ya Kiswahili, anaelewa mara moja. Lakini katika Evanjili (Mateo 20) neno kubwa si kuchelewa. Ni wema wa bwana wa shamba, aliyewapa wafanyakazi wa mwisho mushahara wa siku nzima.

«To go the extra mile», kuongeza maili moja. Katika maofisi leo ni sifa ya mufanyakazi anayefanya zaidi ya kazi aliyopewa. Lakini Bwana Yezu alisema juu ya mutu anayelazimishwa (Mateo 5, 41). Askari wa Roma aliweza kumukamata mutu njiani na kumubebesha muzigo maili moja, karibu metre 1.480. Neno la Kigiriki la kulazimisha katika mustari huu ndilo linalotumiwa kwa Simoni wa Kirene, aliyebebeshwa musalaba (Mateo 27, 32). Sisi tunalijua jambo hili. Katika wakati wa Léopold II wazee wetu walikamatwa kuwa wapagazi. Na katika miaka yetu, katika Kivu na Ituri, watu wenye silaha wamewabebesha wanakijiji mizigo kwa nguvu. Kwetu maneno ya Yezu ni magumu sana, maana yanasema juu ya adui mwenye silaha. Padri anayehubiri kwa Kingereza asiiache maana hii na kushika ile ya ofisi.

«A cross to bear», musalaba wa kubeba. Siku hizi wanasema hivi hata kwa jirani mwenye kelele. Kwa hiyo, ukiutaja karibu na kitanda cha mugonjwa, anaweza kusikia kwamba unaihesabu taabu yake kuwa ndogo.

IV. Namna ya kuitumia

Kwanza, musemo haubadilishwi. Unaweza kusema «his teeth» pahali pa «my teeth», lakini si zaidi.

Pili, usitafsiri musemo wa Kifransa neno kwa neno. Mufransa anasema juu ya tone la maji linalofurisha chombo. Mungereza anasema «the last straw», unyasi wa mwisho uliovunja mugongo wa ngamia.

Tatu, sikiliza mbele ya kusema. Ukiusikia musemo mara tatu katika vinywa vya watu, na unajua ni watu gani wanausema na wakati gani, utumie. Mumoja katika mazungumuzo unatosha.

Ine, kwa wagonjwa, kwa waliofiwa na katika kitubio, sema maneno mepesi.

Tano, katika mahubiri, eleza kwanza habari ya Maandiko, kisha uonyeshe namna watu wanavyousema musemo leo. Hivi musikilizaji atasikia upya neno ambalo alilisema kila siku bila kulifikiri, na padri mugeni, hata kama Kingereza chake kingali chepesi, atakuwa amemurudishia mali yake.