Tetris: Sifa Zilitangulia, Malipo Yakachelewa

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya kazi ya umuganda hapa Kimihurura, tuliketi kivulini kwa jirani, mteremkoni chini ya Jengo la Bunge. Wazee wawili walikuwa wakicheza igisoro. Kando yao, mtoto wa koplo mmoja alikuwa ameinamia simu ya mama yake, akipanga vipande vya rangi vilivyodondoka kutoka juu. Mama yake akanigeukia akasema, “Mwalimu, huyu mwanao sasa anataka kutunga michezo kama hii. Je, hiyo ni kazi ya kulisha nyumba?”

Swali hilo ni la haki, ndugu msomaji, na jibu lake limo katika historia ya mchezo uleule aliokuwa akiucheza kijana, yaani Tetris.

Mwaka 1984 Alexey Pajitnov alikuwa mtumishi wa serikali ya Umoja wa Kisovieti, akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi mjini Moscow. Alipenda sana mafumbo ya kupanga vipande vya mbao ndani ya kisanduku. Akaunda vipande vya namna saba, kila kimoja cha miraba minne, akavifanya vidondoke kwenye kioo cha kompyuta. Mchezaji huvigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa bila pengo hufutika. Vipande vikirundikana hadi juu, mchezo umekwisha. Kompyuta yake haikuweza hata kuchora picha, hivyo kila kipande kilitengenezwa kwa alama za mabano.

Wenzake ofisini waliupenda, wakaunakili na kupeana bure. Kijana wa miaka 16, Vadim Gerasimov, akasaidia kuuhamishia katika kompyuta za aina ya IBM, na kutoka hapo ukavuka mipaka. Pajitnov naye alikabidhi haki za mchezo kwa dola kwa muda wa miaka 10. Mauzo ya nje yakasimamiwa na shirika la serikali lililoitwa Elorg.

Mwaka 1988 Tetris iliuzwa Marekani na Uingereza. Ndipo ugomvi ulipoanza, maana baadhi ya makampuni yalikuwa yakiuziana haki ambazo hayakuwa nazo. Mwezi Februari 1989 mfanyabiashara Henk Rogers alifunga safari hadi Moscow bila kualikwa, akaonana na wakuu wa Elorg uso kwa uso. Kampuni ya Nintendo ya Japani ikapata haki, na mahakama ya Marekani ikawazuia washindani wake kuendelea kuuza mchezo wao.

Rogers aliwashauri Nintendo kwamba wakitaka chombo chao kipya cha mkononi, Game Boy, kinunuliwe na wavulana, waweke ndani yake mchezo wa Mario. Lakini wakitaka kinunuliwe na kila mtu, waweke Tetris. Walimsikiliza. Tetris ya Game Boy ilitoka mwaka 1989, na nakala zipatazo milioni 35 zikaenea duniani. Kufikia mwaka 2010, watu walikuwa wameulipia na kuupakua katika simu za mkononi zaidi ya mara milioni 100.

Wachambuzi wa magazeti ya kompyuta waliusifu kwa unyoofu wake. Hauna hadithi, hauna shujaa, wala hauhitaji lugha yoyote. Bibi na mjukuu huuelewa kwa dakika moja. Lawama yao ilikuwa kwamba ukishika hauachi, nao hula saa za usingizi. Mwaka 2012 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York iliuweka miongoni mwa michezo 14 ya kwanza kuhifadhiwa humo.

Yapo pia yanayowahusu askari wetu wa usalama barabarani. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 71 waliofikishwa hospitali baada ya ajali za barabarani. Wale waliokumbushwa ajali kisha wakacheza Tetris, ndani ya saa sita tangu ajali, walisumbuliwa kwa uchache na kumbukumbu zake katika juma la kwanza. Mchezo hauchukui nafasi ya daktari, lakini hakuna aliyeutazamia kufika huko.

Na mbunifu je? Miaka yote hiyo Pajitnov alipata sifa, si sehemu ya mauzo. Alihamia Marekani mwaka 1991. Mwaka 1996 ndipo haki zilipomrudia, akaanzisha na Rogers kampuni ya Tetris. Alingoja miaka 12.

Mimi ni mtumishi wa umma, sitasema kwamba dola haikustahili chochote. Kompyuta ilikuwa yake, na saa za kazi zilikuwa zake. Lakini kustahili sehemu si kustahili yote. Igisoro haina mwenyewe, wala hakuna aliyedhulumiwa kwa kuicheza. Tetris iliuzwa, na kila mkono ulioigusa ulipata kitu kabla ya mkono ulioitengeneza.

Kwa hiyo nilimjibu jirani yangu kwamba kazi hiyo yaweza kulisha nyumba, ila mwenye kuitenda hana budi kujilinda mapema. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda kazi za ubunifu mwaka 2009. Kijana na aandike alichobuni, siku aliyobuni, na kwa chombo cha nani. Siku akiajiriwa, aulize kwa maandishi ni nani mwenye kazi atakayoitunga ofisini, wala asitie sahihi karatasi asiyoisoma.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia mwanawe arudishe simu, akalete daftari.