Nani Apewe Dawa, Nani Asipewe: Kura ya Kompyuta

Kati ya mwaka 2009 na 2014, watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walishiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Baadhi yao walikuwa wa Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania. Wengine wa Kilifi, Kombewa na Siaya nchini Kenya. Theluthi mbili walipata chanjo hiyo. Theluthi iliyobaki walichomwa chanjo nyingine kabisa. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, ilikuwa ya kichaa cha mbwa. Mama aliyefika kituoni na mwanawe mgongoni hakuchagua kundi. Daktari naye hakuchagua. Aliyeamua ni namba.

Katika majaribio ya siku hizi, orodha ya mgawanyo wa aina hiyo hutengenezwa na programu ya kompyuta, na ndani ya programu hiyo kuna sehemu ambayo wataalamu wengi wa afya hawajawahi kuichungulia: maktaba ya namba nasibu, yaani mkusanyiko wa kanuni zilizokwisha kuandikwa na kupimwa, ambazo mwandishi wa programu huziita tu bila kuzitunga upya. Anaiomba namba kati ya 1 na 3, inampa. Anaomba tena, inampa nyingine. Mambo yote makubwa yanayofuata, mpaka chanjo kuruhusiwa au kukataliwa, yanasimama juu ya namba hizo.

Kwa nini asichague binadamu? Kwa sababu binadamu ana huruma, na huruma huharibu hesabu. Zamani madaktari waligawa wagonjwa kwa kupokezana: huyu dawa, anayefuata hakuna, wa tatu dawa. Inaonekana ni haki tupu. Lakini daktari anayejua kwamba zamu ijayo ni ya dawa anaweza kumsogeza kidogo mgonjwa anayemwonea imani ili aiangukie zamu hiyo. Akifanya hivyo mara kadhaa, makundi mawili hayafanani tena, na hakuna ajuaye kama aliyepona kaponywa na dawa au alikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio la streptomycin kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Mtakwimu Austin Bradford Hill aliwagawa kwa kutumia namba nasibu, na majibu yakatiwa ndani ya bahasha zilizofungwa. Bahasha haikufunguliwa mpaka mgonjwa awe amekwisha kukubaliwa kuingia. Baada ya miezi sita, kati ya 55 waliopata dawa walikuwa wamefariki 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani bila dawa, walikuwa wamefariki 14. Vitabu hulisifu jaribio hilo kwa namba zake. Mimi naona bahasha zilifanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1995 Kenneth Schulz na wenzake walipitia majaribio 250 ya tiba, wakakuta kwamba pale ambapo mgawanyo haukufichwa vizuri, faida ya tiba ilikuzwa kwa asilimia 41 kwa kipimo cha takwimu walichotumia. Dawa zilionekana bora kuliko zilivyo kwa sababu tu mtu fulani aliweza kujua kinachofuata.

Wakati wa Hill, namba zilisomwa kwenye majedwali yaliyochapishwa. Mwaka 1955 shirika la RAND la Marekani lilitoa kitabu kizima chenye tarakimu milioni moja za nasibu. Kompyuta ilipokuja, kubeba kitabu cha namna hiyo ndani ya kumbukumbu yake ndogo kulikuwa ni upotevu. Bora izalishe namba hizo yenyewe. Hapo ndipo penye kitendawili, kwa maana kompyuta haijui kubahatisha. Inatekeleza ilichoambiwa, na ukiiambia jambo lile lile mara mia itakupa jibu lile lile mara mia.

John von Neumann, mmoja wa waasisi wa kompyuta, alipendekeza ujanja miaka ya 1940. Chukua namba ya tarakimu nne, ambayo wataalamu huiita mbegu. Tuseme 1234. Ipige kipeo cha pili: 01522756. Chukua tarakimu nne za katikati: 5227. Rudia, utapata 3215, kisha 3362, kisha 3030, kisha 1809. Asiyejua kanuni hataona mpangilio wowote. Sasa jaribu kuanza na 3792. Kipeo chake ni 14379264, na katikati yake kumekaa 3792 ile ile. Umenasa, na hutoki. Namba hizi, basi, ni nasibu ya kuigiza: hesabu kavu iliyovaa nguo za bahati.

Kuigiza kubaya kuna gharama. Katika miaka ya 1960 kompyuta za IBM zilitumia kanuni iliyoitwa RANDU, ikaenea vyuoni na katika maabara. Zidisha namba iliyotangulia kwa 65,539, kisha gawanya kwa 2,147,483,648 na ubaki na salio. Ukianza na 1, unapata 65,539, halafu 393,225, halafu 1,769,499. Yeyote mwenye kikokotoo anaweza kugundua kilichofichika humo: chukua namba moja mara sita, toa mara tisa ya ile iliyoitangulia, na unapata inayofuata. Jaribu: 65,539 mara sita, ukitoa tisa, ni 393,225 kamili. Namba zinapokuwa kubwa unahitaji salio tena, lakini uhusiano haukatiki kamwe. Matokeo yake, ukizichukua namba za RANDU tatu tatu na kuzichora kama vitone ndani ya mchemraba, havitawanyiki. Vyote hujipanga juu ya tabaka bapa 15 tu, na katikati ya tabaka hizo hakuna kitu. Mwaka 1968 mwanahisabati George Marsaglia alionyesha kwamba kanuni zote za ukoo huo wa kuzidisha na kuchukua salio zina kilema hiki. RANDU ilikizidisha. Na kibaya zaidi, aliyetazama namba moja moja hakuona dosari yoyote.

Marsaglia huyo huyo alitoa mwaka 1995 seti ya vipimo vya kuzihoji maktaba hizi, na tangu hapo kanuni mpya haipewi heshima kabla ya kupitishwa kwenye vipimo vya aina hiyo. Kanuni iliyoenea kuliko zote ni Mersenne Twister ya Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo chaguo la kawaida ndani ya R, lugha ya watakwimu wa afya, na ndani ya sehemu ya namba nasibu ya Python, lugha nyingine ya kuandikia programu. Haianzi kujirudia mpaka itoe namba nyingi kiasi kwamba idadi yake, ukiiandika, ina tarakimu 6,002.

Hata hivyo kanuni hiyo ni kama mchezo wa bao. Anayeona kete zote katika mashimo na anazijua sheria hana haja ya kusubiri mkono wa mchezaji ili ajue kete ya mwisho itatua wapi. Mashimo ya Mersenne Twister ni 624: ukizipata namba kamili 624 mfululizo, unaweza kukokotoa zote zitakazofuata.

Kwa jaribio la dawa, tabia hiyo ni neema. Mtakwimu anaandika mbegu aliyoanzia, na mkaguzi akija miaka mitano baadaye anaipanda tena na kupata orodha ile ile, jina kwa jina. Mbegu ikiwa imeandikwa kabla ya kura, ni vigumu mtu kudai baadaye kwamba kura ilirudiwa mpaka ikatoka iliyotakiwa. Sharti ni mbegu hiyo isifike kliniki. Hata muundo wa orodha huweza kuvujisha siri: wakigawanywa wanne wanne, wawili kila upande, muuguzi aliyekwisha kuona dawa mbili na maji matupu mara moja anajua wa nne atapata nini. Ndiyo maana makundi hayo madogo huchanganywa ukubwa, na kliniki haiambiwi.

Namba hizi hutumika pia pasipo mgonjwa wa kupangiwa kundi. Katika utafiti wa tiba ya mionzi, programu kama Geant4, iliyoanzia kwenye maabara ya CERN huko Geneva, hufuata chembe moja moja ikipenya mwilini, na kila inapogongana namba nasibu ndiyo husema iende wapi. Mifano ya kompyuta ya kuenea kwa malaria hufanya vivyo hivyo kwa kila anayeumwa na mbu. Humo kasi na usawa ndivyo vinavyotakiwa, ingawa mwaka 1992 wanafizikia Ferrenberg, Landau na Wong walionyesha kwamba hata kanuni zilizoaminika zilitoa majibu yenye makosa katika aina moja ya hesabu za sumaku. Ushauri wa wajuzi ni kurudia kazi kwa kanuni ya ukoo mwingine na kulinganisha.

Penye siri ya mgonjwa mambo hugeuka. Nywila ya muda au kitambulisho cha faili la hospitali hakitakiwi kukokotoleka na mtu yeyote, hata mkaguzi. Python ina sehemu ya pili kwa kazi hiyo, iitwayo secrets, inayochota nasibu kutoka mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, nao hukusanya vurugu halisi za mashine. Anayetumia ile ya kwanza mahali pa ya pili amefunga mlango kwa uzi. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba marekebisho ya mistari michache katika mfumo wa uendeshaji uitwao Debian yalikuwa yamepunguza mbegu za funguo za siri, kwa karibu miaka miwili, hadi 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Kompyuta ya kawaida huzijaribu zote bila kutoka jasho.

Na mbegu peke yake haitoshi kwa mkaguzi. Mwaka 2019 toleo la 3.6.0 la R lilibadilisha namna ya kuchagua watu kutoka katika orodha, kwa sababu namna ya zamani iliwapendelea baadhi kidogo pale orodha ilipokuwa ndefu sana. Tangu hapo mbegu ile ile, amri ile ile, hutoa orodha tofauti na ya matoleo yaliyotangulia. Waandishi wa R waliacha njia ya kuiita tabia ya zamani kwa makusudi, kwa hiyo itifaki nzuri ya jaribio huandika mambo matatu pamoja: mbegu, jina la kanuni, na namba ya toleo la programu.