Magadi ya Kariakoo na bonde lisilo na mlango

Tunaponunua magadi Kariakoo ya kulainishia maharage, ni nadra tuulize yametoka wapi. Sisi wanafunzi wa falsafa, tunaojidai kutafuta chanzo cha kila kitu, tusipite hivihivi.

Si kila bonge limetoka Ziwa Natron, lakini hapo ndipo yanapoeleweka. Karibu na mpaka wa Kenya, Bonde la Ufa limezama likafanya bakuli kavu, kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Kusini umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, wenye mita zipatazo 2,960: volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya magadi. Mvua huyashusha bondeni. Mto Ewaso Ng'iro huingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua tu, magadi hubaki.

Maji hayo makali huwakinga heroe, yaani flamingo, kwa kuwa wanyama wala nyama hawavuki tope lake kirahisi. Miaka ya 2000 mpango wa kiwanda cha magadi ulizua mabishano, na kwa haki: heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huanguliwa hapo.