Asilimia ya Uongo kwenye Betri ya Nyumbani

Mfumo wa kusimamia nyumba kwa kompyuta, kama Home Assistant aliouanzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, unaweza kuleta kwenye simu hali ya betri kila baada ya sekunde chache: chaji iliyobaki, umeme unaoingia kutoka kwenye paneli, umeme unaotoka kwenda kwenye inveta. Manufaa ya hayo yote yanategemea namba ya kwanza, na katika nyumba nyingi namba hiyo imekisiwa kutokana na volti. Ndiyo maana mafundi wanaulizwa swali lilelile bila kuchoka: betri ikisoma volti 12.5, imebaki asilimia ngapi?

Swali hilo, likiulizwa hivyo, halina jibu. Jedwali linalosambazwa, ambapo betri ya asidi ya volti 12 ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu na 11.9 imekaribia kwisha, ni sahihi kwa betri iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, kwenye joto la nyuzi 25 hivi. Betri ya namna hiyo inapatikana kwa shida katika mji kama Kabondo-Dianda, mkoani Haut-Lomami, Kongo. Reli ya kwenda Kamina inapita hapo, lakini kwa nyumba isiyo na laini ya SNEL, shirika la umeme la taifa, paneli na betri si akiba ya kungojea umeme ukatike. Ndizo mtambo wenyewe wa umeme. Mchana jua linaisukuma betri juu ya volti 13 hata kama iko robo. Jioni inveta inaishusha hadi 12 hata kama bado ina chaji ya kutosha. Muda wa kupumzika haupo, kwa hiyo jedwali halina pa kutumika.

Kibano kimoja chenye kutu kinatosha kuonyesha kosa lilivyo kubwa. Friza na televisheni zikivuta ampea 40 kupitia inveta, na kibano hicho kikiwa na ukinzani wa miliomu 5 tu, volti 0.2 zinapotelea pale pale kwenye kiungo. Kifaa kinachopima volti upande wa inveta kinaona pungufu hilo na kulitafsiri kuwa chaji imeshuka. Friza ikizima, volti zinarudi juu na skrini inatangaza kwamba chaji imeongezeka. Grafu ya asilimia inayopanda saa nane usiku haihitaji mjadala: hakuna paneli inayochaji gizani.

Kwa betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma, ambazo ndizo zinazouzwa sana sasa kwa matumizi ya nyumbani, hali ni mbaya zaidi. Kuanzia asilimia 30 hivi hadi karibu 80, volti za betri nzima ya volti 12.8 zinabadilika kwa takriban 0.2 tu. Pungufu lilelile la kibano chenye kutu linaweza kumeza nusu nzima ya betri. Taa nne za kijani zilizobandikwa juu ya kasha hazina uwezo wowote wa kulitatua jambo hilo, na kuzihamishia kwenye skrini ya rangi hakuongezi ukweli.

Imani hii ya volti inazaa tiba ya kuangamiza betri: kuongeza asidi. Betri ya asidi inasoma chini, mtu anafungua vifuniko, anamimina asidi, anapima tena, anaona namba imepanda, na habari inaenea sokoni kwamba betri imefufuka. Haikufufuka. Volti za seli iliyopumzika zinafuata ukali wa asidi yake; kwa makadirio ni uzito linganishi wa asidi ukijumlishwa na 0.84. Seli yenye asidi ya 1.20 inasoma kama volti 2.04, na seli sita zinatoa 12.24. Asidi ikiongezwa hadi ukali wa 1.265, zile seli sita zinasoma 12.63, bila hata ampea moja ya chaji kuingia. Kipima asidi cha kioo nacho kinadanganyika kwa njia hiyo hiyo. Asidi inayoonekana kupungua iko ndani ya sahani za risasi ikiwa salfeti, na kinachoirudisha ni kuchaji kikamilifu. Kinachopungua kweli kwa miaka ya kawaida ya matumizi ni maji, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa peke yake. Asidi ya ziada inakula sahani, na betri iliyobaki na mwaka inaweza kufa ndani ya miezi. Anayeuza huduma hiyo anauza namba kwenye mita, na mwenye nyumba maskini ndiye anayelipa mara mbili. Iachwe kabisa.

Chaji inajulikana kwa kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Kazi hiyo inafanywa na shunti, kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana: ile ya ampea 500 kwa milivolti 50 ina miliomu 0.1, hivyo ampea 10 zikipita hutoa milivolti moja. Kosa linalojirudia katika kuifunga ni waya mmoja hasi, mara nyingi wa chaja ya paneli, kuachwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri. Kinachopita humo hakihesabiwi. Kichwa hasi kibaki na waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye shunti.

Shunti nayo inapotoka. Kosa la ampea 0.1 ni ampea-saa 2.4 kwa siku, na 72 kwa mwezi, kama betri haijajaa kabisa hata mara moja na hesabu kuanza upya. Katika Haut-Lomami jambo hilo ni la msimu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, mawingu yanapokaa siku nyingi mfululizo.

Kuhusu vifaa: betri ya lithiamu yenye kidhibiti kinachohesabu ampea isomwe kupitia waya wa RS485 au Bluetooth, inveta yenye Modbus isomwe humo, UPS ya kompyuta isomwe kwa programu ya NUT, lakini muda inaoukadiria usiaminiwe bila kujaribiwa. Seva inayoendesha mfumo huo iwe ndani ya nyumba, na tahadhari ipige king'ora hapo hapo, kwa sababu ujumbe unaopitia intaneti unakwama mtandao ukikatika. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayotumika kama seva na kula wati 4 inamaliza karibu wati-saa 100 kwa siku. Kwa betri moja ya asidi ya ampea-saa 100, hiyo ni kama moja ya sita ya chaji inayofaa kutumiwa. Nyumba ya betri moja isiwashe seva. Inatoshwa na shunti yenye Bluetooth na simu.

Kila miezi sita betri ijazwe kabisa, itumiwe hadi kikomo chake kwa mzigo unaojulikana, na ampea-saa zilizotoka ziandikwe. Ikitoa chini ya asilimia 80 ya ilichoandikiwa kiwandani, ni ya kubadilishwa, hata kama volti zake zinapendeza.